Jambo Hilo Linashughulikiwa

Nekesa mama,

Ya sweta, ya dawa za tumbo na ya kutoongea na kila mtu kwenye ndege, mama yako amekwisha kukuambia, na mimi sina la kuongeza hapo. Nguo zako amezikunja, akazitoa, akazikunja upya. Sasa amelala, au anajifanya amelala, na mimi nimekaa hapa mezani na taa kwa sababu kuna swali uliniuliza juzi nikakujibu uongo.

Juzi tukila, ulisema kwamba ukimaliza kusomea sinema huko ughaibuni utarudi kuwatengenezea watu wetu filamu za kuwacheka wakubwa. Ulisimama kabisa, tonge mkononi. "Baba, mkubwa anaweza kuvumilia kutukanwa. Hata kuchukiwa anavumilia. Lakini kuchekwa? Watu wakishamcheka, huyo amekwisha!" Mimi nikacheka kwa furaha, we acha tu, nikaona ni mimi yule wa zamani amesimama pale na gauni. Mama yako akakusanya sahani, na yako ikiwa bado na ugali, akatoka nje. Ukaniuliza, "Mama ana nini?" Nikasema amechoka. Hakuwa amechoka.

Unajua nilifanya kazi kwenye gari la sinema. Vituko vya kazi hiyo nimewapigia wewe na wenzako mpaka mkaanza kunimalizia sentensi. Lakini kimoja sijawahi kukusimulia. Mama yako alinikataza, na sababu yake ni nzuri, utaiona mwenyewe. Usiku huu namvunjia ahadi hiyo kwa kuwa unakwenda kujifunza kazi ileile, na huko sidhani kuna mwalimu atakayekuambia haya.

Gari lilikuwa la kampuni ya sabuni. Tulikuwa wawili, dereva, ambaye pia ndiye aliyeendesha mashine ya picha, na mimi. Tunafika uwanjani jioni, tunafunga kitambaa cheupe, na giza likiingia watu wamejaa pomoni, wengine wamekaa upande wa nyuma wa kitambaa wakiona kila kitu kinyume na wala hawajali. Filamu zenyewe zilikuwa za Kizungu. Kwa hiyo sauti yake tunaizima, mimi nashika maiki, na kila mtu aliyemo kwenye picha anasema kwa mdomo wangu, awe askari, mwizi, bibi harusi au mbwa. Ndiyo maana mpaka leo wazee wa Dagoretti Corner wananiita Mdomo. Usifikiri nilikuwa nafasiri. Ningefasiri nini, na Kiingereza chenyewe nilikuwa nakibahatisha? Nilikuwa natunga. Mzungu akifungua kinywa, anasema ninachotaka mimi. Halafu katikati, bila haya, naingiza sabuni.

Sasa, miaka michache baada ya Uhuru tuliletewa filamu fupi moja, sijui ya nchi gani, maandishi yake hata dereva, aliyekuwa amesoma kuliko mimi, hakuyaelewa. Ilikuwa ya meya mnene anayefungua kisima cha maji katikati ya mji. Bendi inapiga, meya anakata utepe, anafungua bomba, halitoi hata tone. Basi anainua glasi tupu, anajifanya anakunywa, anapangusa midomo, anapigwa picha. Kesho yake anakuja tena, utepe mpya, bendi ileile, glasi ileile tupu. Na watu wa mji wanapiga makofi, ndoo zao mikononi. Nilipoiona mara ya kwanza nilimwambia dereva, "Ala! Huyu mtu mimi namjua."

Kwa maana sisi wa Riruta tulikuwa na diwani wetu. Jina lake halina kazi hapa. Mtu mnene, mcheshi, ana duka Dagoretti Corner na leso nyeupe ya kupangusa jasho. Alipoomba kura alituahidi bomba la maji, na alipozipata tukaendelea kuteka kwenye kile kijito cha chini, ambamo watu wa juu walikuwa wanafulia na wanaoga na mengine siandiki. Wanawake wakienda dukani kumwuliza, mama yako akiwa mbele, yeye anatoa leso, anajipangusa, anasema kwa upole kabisa, "Kina mama, msiwe na wasiwasi. Jambo hilo linashughulikiwa." Kila mara ni maneno hayohayo. Hata bei ya sukari ukimwuliza, jambo hilo linashughulikiwa.

Basi jioni tulipoonyesha filamu ile pale Riruta, meya alipoinua glasi yake tupu, nikaibana sauti mpaka ikawa ya diwani mtupu, nikasema polepole, "Kina mama, msiwe na wasiwasi. Jambo hilo linashughulikiwa."

Nekesa, sijawahi kusikia kicheko kama kile, na sitasikia tena. Kwanza watu hawakuamini masikio yao. Halafu uwanja mzima ukapasuka! Wanaume wazima walilala chini wakishika mbavu. Walipiga kelele turudie, dereva akairudisha nyuma, nikasema tena, wakapasuka tena. Mama yako alikuwa mbele, Wafula mgongoni, akicheka mpaka leso aliyombebea ikalegea, ikabidi jirani amshikie mtoto ajifunge upya. Yule Wafula unayemwona kwenye picha ukutani, ndugu yako. Alikuwa hajafunga mwaka.

Tukirudi nyumbani mama yako aliniambia, "Sasa diwani italeta maji. Mtu hawezi kuchekwa na Riruta mzima alafu alale usingizi." Mimi nikaamini. Kwa nini nisiamini? Nilikuwa nimesikia sauti ya watu mia kadhaa wakiwa hawana woga. Nilijiona mtu mkubwa, haki ya Mungu. Kuna watu walikwenda msituni na bunduki kudai Uhuru, mimi nikadhani nimemaliza kazi kwa maiki.

Haikupita wiki, diwani akaniita. Mama yako alisema nisiende. "Hiyo domo yako itatuletea shida, Baba Nekesa." Nikaenda. Nikamkuta nyuma ya duka, amekaa juu ya gunia la mchele, ananitazama. Kisha akasema, "Nasikia mimi nimekuwa nyota wa sinema." Nikaanza kujitetea, bwana mkubwa, ile ni picha tu, ni Wazungu. Akainua mkono. "Hapana. Fanya. Fanya na mimi nisikie."

Nikafanya. Nikiwa nimesimama pale katikati ya vitunguu na mafuta ya taa, nikamwigiza yeye mwenyewe, mbele yake mwenyewe. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alimwita mke wake, akawaita wateja, nikafanya tena. Akaniagizia soda, akanipiga bega, akasema, "Kijana, wewe una kipawa! Jumapili nina mkutano. Kuja ufungue."

Nikaenda kufungua. Hapo ndipo pa kusimama uniangalie vizuri, mama, maana hapo ndipo wajanja wote wanapoingia, nami nilijiona mjanja kuliko wote. Nilisema moyoni, huyu amenipa maiki yake mwenyewe nimcheke kwenye mkutano wake mwenyewe. Nimemshika! Watu watamcheka macho kwa macho. Na kweli walimcheka. Nilimwigiza, wakaanguka, na yeye akapanda jukwaani huku akijipangusa kwa leso akinifuata nyendo, mimi nikimwigiza yeye na yeye akiniigiza mimi ninayemwigiza yeye. Akachukua maiki. Akapiga kelele, "Jambo hilo!" Na watu wote, bila kufundishwa na mtu, wakajibu, "Linashughulikiwa!"

Tangu siku hiyo neno likawa lake. Akipita barabarani watoto wanamwitikia. Akiingia kilabuni watu wanainua glasi tupu. Wakampenda, Nekesa! Kabla ya filamu yangu alikuwa mwongo tu, mtu wa kukwepwa. Baada ya filamu yangu akawa mwongo wetu. "Yule jamaa hana maringo," wakasema, "ukimtania anacheka na wewe." Uchaguzi ulipokuja wakampa kura nyingi kuliko mara ya kwanza, na nyimbo wakamtungia. Wale waliolala chini wakishika mbavu ndio hao hao waliompigia. Mimi pia nilimpigia, kwa kuwa alikuwa amekuwa rafiki yangu.

Na maji? Hayakuja. Tena sasa hata kuuliza kulikuwa kumekuwa kugumu. Zamani mwanamke akienda dukani kuuliza habari ya bomba, diwani alilazimika angalau kutoa leso na kudanganya. Sasa mwanamke akifungua mdomo tu, walio dukani wanamalizia, na wote wanacheka, na yeye mwenyewe inabidi acheke, asije akaonekana mtu wa kununa. Anarudi nyumbani na ndoo yake huku bado anatabasamu, hajui hata ni nini kimempata.

Kisha Wafula akashikwa na homa ya matumbo. Daktari alimwambia mama yako wazi, ni maji. Alilazwa mjini, na wodini kulikuwa na watoto wengine wa Riruta na Kawangware, mama zao wakijuana kwa kukutana kisimani, yaani kijitoni. Wanawake hao ndio waliomwomba mama yako asimame kwenye mkutano wa Jumapili. "Wewe bwana yako ndiye mwenye maiki," wakasema. "Wewe hawatakufukuza." Usiku mzima wa Jumamosi alikuwa anajisemea maneno yake polepole jikoni. Mimi nilimsikia, nikamwambia, "Sema tu, watakusikia." Nilikuwa na hakika.

Jumapili nikafungua mkutano kama kawaida, nikachekesha kama kawaida. Mtoto wangu yuko hospitali na mimi nachekesha, maana ndiyo kazi, na nilijiambia nawachangamsha ili wamsikilize. Halafu nikamwita. Nilimpa maiki kwa mkono wangu. Nikashuka nikasimama na watu, nikakubeba mabegani uone mama yako akihutubia. Ulikuwa na miaka sita.

Alisema, "Mheshimiwa diwani, na nyinyi wote, hamjambo. Mimi naitwa Mama Nekesa. Mtoto yangu iko hospitali." Watu wakanyamaza, nikaona mambo ni mazuri. "Daktari amesema ni maji ya hapa. Sasa mimi nauliza mheshimiwa, jambo hilo..."

Nekesa mama, hebu niambie. Kwa Kiswahili mtu ataulizaje jambo bila kusema jambo?

"LINASHUGHULIKIWA!"

Uwanja mzima. Na kicheko. Si kicheko cha ubaya, la, hicho ndicho kinachoniuma. Kilikuwa kicheko cha raha, cha watu wanaopendana. Wengi walifikiri ni mchezo, kwamba mke wa Mdomo naye ameingia kazini. Mama yako akangoja kitulie. Akajaribu tena. "Hapana, sikizeni. Mimi siko kwa mzaha. Jambo hili la maji..." Wakapasuka zaidi ya mara ya kwanza. Diwani alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yanamtikisika.

Na mimi nilicheka. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kwamba sikucheka. Lakini nilicheka, tena kwa nguvu, kwa sababu ilikuja pahali pake kabisa, na mtu aliyeitunga ni mimi. Na wewe, mabegani kwangu, ulipaza sauti kuliko wote. "Linashughulikiwa!" Ulikuwa unanipiga kichwani kwa mikono miwili kwa furaha. Hiyo ndiyo sababu mama yako alinikataza kukuambia, hakutaka ubebe kitu kama hicho. Mtoto wa miaka sita hana kosa lolote, naye hajawahi kukuhesabia, hata dakika moja. Lakini nilikutana na macho yake kutoka pale jukwaani, na alikuwa anatuangalia sisi wawili.

Akashuka. Akanipa maiki. "Shika hii kitu yako," akasema, akaenda zake hospitali kwa miguu.

Wafula alifariki wiki hiyo. Tulimzika nyumbani, kwa babu yako. Tuliporudi Riruta, watu walikuja kutupa pole, haohao wa uwanjani, na unga na sukari, na walilia kwelikweli, si machozi ya kuigiza. Mzee mmoja alimshika mama yako mkono akamwambia, "Mama Nekesa, ile siku hatukusikia. Tulikuwa tunacheka." Alisema ukweli mtupu, na nimeutafuna ukweli huo mpaka leo. Walikuwa watu wazuri, na hawakusikia.

Diwani naye alikuja. Alitoa rambirambi, alikaa, alinywa chai, hakuchekesha. Baadaye bomba lilikuja, mbele ya ploti ya shemeji yake, maji ya kuuzwa kwa debe. Siku ya kulifungua aliinua glasi kabla maji hayajatoka, akatukonyeza, na watu wakashangilia. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa. Nilikuwa nimekwisha kurudisha maiki kwa kampuni na kupata kazi ya kukata tiketi kwenye sinema ya mjini, ile uliyokuwa unakuja kunisubiri ukitoka shule.

Huko mjini nilijifunza nusu ya pili ya somo hili. Unakumbuka ile filamu ya jenerali anayejipa nishani mpaka koti linamshinda kuinuka kitini? Ulikuja kuiona, na ulitoka ukiwa moto, ukaniambia siku hiyo kwamba unataka kazi hii. Ulikuwa unatazama picha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nawatazama watu. Wale mabwana wa tai, na mabibi wa viatu virefu, walipoona jenerali wakakakamaa wote. Miaka hiyo mtu alikuwa anaangalia aliyekaa nyuma yake kabla ya kukohoa. Basi kule viti vya juu kulikuwa na mkubwa fulani na mgeni wake, na huyo mkubwa akacheka, akipiga paja. Hapo ndipo ukumbi wote ukacheka. Walikuwa wanangoja ruhusa! Nikawaza, lo, Riruta walicheka mpaka wakasahau wanachodai, na hawa wanacheka kwa kuwa wameruhusiwa, na wote watalala usingizi mzuri, na jenerali pia.

Nisikilize vizuri, maana nakujua, ushaanza kuchemka kwa hasira. Sikuambii usizitengeneze. Baba anayekwambia usicheke ni baba wa kukimbiwa, na mimi mwenyewe bado naamini siku ile ya kwanza uwanjani, kabla sijaitwa dukani, kulitokea kitu cha kweli. Wale watu hawakuwa na woga. Sijui tu kilikwenda wapi. Labda nilipaswa kunyamaza baada ya kile kicheko cha kwanza, nikawasha taa, nikasema, haya, nani anakwenda nami dukani kwa diwani kesho asubuhi? Badala yake nilimwambia dereva arudishe nyuma, tucheke tena. Mtu akishacheka mara tatu juu ya kiu yake anakwenda nyumbani amekunywa.

Na mkubwa akikuita akakwambia una kipawa, akacheka mpaka machozi, usifikiri umemshika. Angalia mkono wake uko wapi. Wa diwani wangu ulikuwa unakuja kuchukua maiki.

Mama yako hajawahi kuingia sinema tangu wakati huo. Unamjua kama mama mkimya, na jamaa wa nyumbani wanamsifu kwa ukimya huo, wanasema ni heshima. Usikubali. Mama yako alikuwa mwanamke wa kupiga kelele. Ndiyo maana nilimwoa.

Sasa siku filamu yako itakapoonyeshwa hapa Nairobi, na itaonyeshwa, kwa kichwa hicho chako, nakuomba kitu kimoja. Usikae nyuma karibu na mashine kusikiliza kicheko, kitakulewesha. Kaa mbele, geuza kiti, uwatazame wanaotazama. Wote watakuwa wanacheka, na utamwona mmoja asiyecheka. Usimdharau kwamba hajaelewa. Ngoja taa ziwake, umfuate, umwulize ni nini.

Mimi wangu nilimjua kwa jina. Nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii, na mpaka usiku huu sijawahi kumwuliza, baada ya neno jambo, alikuwa anataka kusema nini.

Baba yako